Tangi Lililooshwa Mara Saba

Anayetaka kuua samaki huua samaki. Neno hilo lilimkaa Sajini Kefa kooni kama mwiba wa changu tangu Ijumaa alasiri, alipoitwa nyumbani kwa Mzee Aidarus, Likoni, akaonyeshwa tangi la kioo lenye maji ya bahari na kuambiwa limetiwa sumu. Konokono wote walikuwa wamekufa. Viti vya pweza vitatu, wale viumbe wa umbo la nyota, vimelegea kama vitambaa vya kufutia vyombo. Ua la bahari, lile lenye vidole laini, limenywea likawa kama kamasi. Matumbawe yaliyotolewa mwambani na rangi zake za zambarau na kijani yamebaki mifupa. Na katikati ya msiba huo samaki wanne walikuwa wakizunguka, wanafungua midomo na kuifunga, kama watu waliokuja mazishini kwa ajili ya pilau.

Tangi lenyewe lilikuwa la mtumba, limenunuliwa kwa Mzungu wa Bamburi. Mwaka ule wa sitini na mbili Wazungu wengi walikuwa wakifunga mizigo, na kila wiki palikuwa na kitanda, kinanda au mbwa anayetafutiwa mwenyewe mpya. Mzungu yule alifuga humo samaki watupu. Mzee Aidarus, karani wa bandari aliyestaafu, alitaka zaidi. Alitaka kipande cha mwamba ulio hai, kikae ndani ya nyumba. Aling'oa bati moja la paa akaweka kioo ili jua lishuke juu ya maji. Akaunga mashine ya kupuliza hewa. Kila bamvua, bahari inapokupwa mbali, alikwenda mwambani na Kadzo, mtumishi wa nyumba, wakachagua mawe yenye uhai na kuyabeba ndani ya debe, maji yakiyafunika. Yote hayo kwa ajili ya mkewe, Bi Mahfoudha. Katika ujana wake mama yule hakukosa bamvua hata moja, akiokota makombe. Sasa miguu ilikuwa imekataa, na dunia yake ilikuwa chumba na dirisha.

Ijumaa ile ile Mzee Aidarus alipekua pakacha la Kadzo jikoni akatoa kifurushi cha mrututu, zile chembe za buluu za dukani ambazo watu huzichoma na kuzitia kwenye vidonda. Kila mtu ajua mrututu ni sumu ukinywewa. Mambo yakaisha hapo. Kadzo akatiwa mahabusu, inspekta akaandika shtaka la kuharibu mali kwa makusudi, na Jumatatu saa tatu asubuhi angesimama mbele ya hakimu.

Kefa alikuwa na Jumamosi na Jumapili.

Jumamosi asubuhi alivuta kiti mpaka kwenye nondo za mahabusu. Kadzo alikuwa mwanamke wa Kigiriama wa miaka hamsini hivi, ameolewa Mtongwe, ameketi wima kana kwamba yeye ndiye mwenye kituo.

"Mama Kadzo, mrututu ni wako?"

"Umekutwa pakachani mwangu. Wa nani tena?"

"Wa kazi gani?"

"Vidonda."

"Vya nani?"

Kadzo akatazama ukuta. "Sajini, mamako yu hai?"

"Yupo, Bunyore."

"Basi siku ukienda likizo mwulize kama mtu anayetibu hutaja vidonda vya watu."

"Hakimu hatamwuliza mama yangu. Atakuuliza wewe. Ukimjibu hivyo atakupa miezi sita."

"Nitaikaa. Kwani huko hakuna wenye vidonda?"

Kefa akafungua daftari ukurasa mwingine. Mtu akikataa mlango wa mbele, zunguka uani.

"Vitu vya tangini vilianza kufa lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Mimi sikuwako. Nilikuwa matangani Mtongwe, siku tatu, shemeji yangu alifariki. Niliporudi nikakuta konokono wamelala chali. Mzee akasema tumechukua wabovu. Tukangoja bamvua tukaleta wengine. Na hao ndio waliokufa juzi."

"Kwa hiyo mara ya kwanza walikufa nawe hupo."

"Hivyo ndivyo ninavyokwambia."

"Mbona hukusema jana?"

"Jana nani aliuliza? Inspekta alisema, 'Huu wako?' Nikasema wangu. Akafunga kitabu."

Kefa akamtuma askari Mtongwe kuhakikisha habari ya matanga, kisha akashika njia ya kwa Mzee Aidarus.

Mzee alimpokea barazani, kanzu imenyooka, kofia imenyooka, uso haujanyooka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Amekiri?"

"Bado. Ningependa kuona vyombo mnavyochotea maji."

Mzee akaleta madebe mawili. Kefa aliyanusa moja baada ya jingine, akaingiza kichwa chote. Alikuwa na tamaa na madebe yale. Debe lililowahi kubeba mafuta ya taa laweza kumaliza kesi kwa dakika moja. Lakini yalinuka mwani na nazi.

"Hayo yalikuwa ya mafuta ya nazi, ya mama watoto," Mzee akasema. "Tena maji twayateka yanapojaa, si yanapokupwa. Yanayojaa hutoka kilindini, safi. Yanayokupwa hubeba taka za watu. Mimi si mgeni wa bahari, Sajini."

"Na tangi? Lilikuwa safi?"

Hapo Mzee Aidarus akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama huswali.

"Mzungu yule alikuwa na mbwa. Mbwa akinywa humo humo, wazi wazi. Najisi hiyo ni nzito. N'meliosha mara saba, moja kwa udongo. Kioo, mchanga, mawe, kimoja kimoja kwa mkono wangu huu. Wallahi, hakuna chombo Likoni hii kilichooshwa kama kile. Ndiyo maana nakwambia, kama maji ni safi na tangi ni safi, basi ni mkono wa mtu."

"Mawe? Mawe gani?"

"Matumbawe meupe ya Mzungu. Yalikuja na tangi. Nimeyapanga chini yawe msingi, juu yake ndipo nikaweka yaliyo hai."

Adhana ya adhuhuri ikalia. Mzee akaomba radhi, akavaa makubadhi, akaenda msikitini. Kefa alibaki barazani akiandika, na hapo sauti ya kike ikatoka nyuma ya pazia la dirisha, karibu na sikio lake.

"Wewe ndiwe sajini wa bara?"

Kefa alisimama, akageukia upande wa barabara kwa adabu. "Ndimi, Bi Mahfoudha. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, usisimame kama mlingoti. Wasema Kiswahili kama mtu apasuaye kuni, lakini nimekusikia wauliza. Wenzio hawakuuliza. Mimi nalala mbele ya tangi lile kutwa. Nani aliyekuja kuniuliza?"

"Nakuuliza mimi. Uliona mtu akitia kitu?"

"Hapana. Nimeona jingine. Konokono waliotangulia kufa ni wale waliokaa chini, juu ya yale mawe meupe. Mmoja alipanda, akashuka, akapanda. Kila akigusa jiwe jeupe ajikunja kama aliyechomwa. Wa mawe ya juu walikawia siku mbili, tatu. Ua la bahari lilikawia zaidi. Samaki hawana habari."

Kefa aliandika upesi, wino ukamchafua kidole.

"Na jingine," sauti ikasema, sasa ya chini. "Ule mrututu ni wangu."

Kalamu ikasimama.

"Nina kidonda mguuni. Mwaka jana kilipona, sasa kimerudi. Nilimwagiza Kadzo aniletee mrututu, nikamwapisha asimwambie Mzee. Akijua atanipeleka hospitali, na hospitali watasema wakate. Ndiyo sababu amenyamaza, maskini. Ameshika kiapo changu, nami nimelala kitandani namla nyama."

"Bi Mahfoudha, maneno hayo yatamtoa leo."

"Yatamtoa? Au watasema Bi mkubwa na mtumishi wake wamepanga? Kifurushi kimekwisha fumuliwa. Mzee atauliza, na nani basi aliyewaua? Utamjibu nini?"

Mama yule alikuwa amemshinda Kefa kwa hoja, amelala.

"Nipe mpaka Jumatatu alfajiri," akasema Bi Mahfoudha. "Ukikosa jibu, nitabebwa na kiti changu mpaka kwa hakimu, niseme mwenyewe, mguu na ukatwe."

Konokono wanaojikunja wakigusa jiwe. Kefa alikwenda na neno hilo mpaka kwenye feri, akasimama ukingoni asione maji. Alipokuwa kijana, kabla ya polisi, alinyunyiza dawa katika shamba la kahawa la Mzungu upande wa Kitale. Dawa ile ilikuwa ya buluu, mrututu umechanganywa na chokaa, nayo iliwapaka watu mikono hadi viwikoni. Msimu wa kwanza konokono walitoweka chini ya mikahawa. Msimu wa tatu Mzungu akaacha kunyunyiza, na konokono hawakurudi. Nyapara mmoja alisema udongo umekunywa dawa, na udongo hausahau.

Udongo hunywa. Je, jiwe?

Bandarini walimwelekeza kwa Nafula, aliyekuwa yaya na mpishi wa yule Mzungu wa Bamburi kabla hajapanda meli. Sasa alikuwa akipika chai na maandazi kwa wafanyakazi huko Changamwe, kando ya barabara ya kiwanja cha ndege. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kilichotangulia maneno.

"Mulembe, Sajini. Nimeua nani?"

"Mulembe, mama. Konokono."

Nafula akacheka mpaka birika likatikisika. Alipoelezwa, akaacha kucheka.

"Bwana yule alipenda samaki kuliko wanawe. Samaki akitoka vidoa vyeupe kama amenyunyiziwa chumvi, bwana anatia dawa. Buluu. Kijiko, siku ya pili kijiko. Samaki anapona. Miaka minne nimeona hivyo."

"Konokono alifuga?"

"Rafiki yake alimletea watano. Asubuhi wamekufa. Bwana akasema, humu hakiishi kitu ila samaki, na mimi ndivyo nitakavyo."

"Alimwambia Mzee aliyelinunua?"

"Bwana alikuwa amekwenda mjini siku hiyo. Aliyempokea mzee ni mimi. Ningemwambia, lakini aliuliza swali moja tu. Mbwa ametia mdomo? Nikasema kila siku. Akakunja uso, akasema basi litaoshwa, akalifunga kwa kamba. Mimi nijue vipi kwamba ataweka konokono?"

Kefa aliandika maelezo yake mstari kwa mstari, akamsomea, naye akatia dole gumba. Hakukubaliwa kuondoka bila andazi.

Lakini maelezo ya mpishi wa Changamwe hayamtoi mtu Likoni. Inspekta angesema Mzungu hayupo, na Mzee Aidarus angesema mara saba. Kefa alijua atashindana na neno hilo, mara saba, na kwamba si neno la kupuuzwa na mtu wa bara asiyeswali upande ule. Basi aliamua asishindane nalo.

Alasiri hiyo hiyo alirudi kwa Mzee na mitungi mitatu ya kioo, ya achari, iliyochemshwa kituoni.

"Mzee, naomba jiwe moja jeupe kutoka chini ya tangi. Na naomba ulioshe mbele yangu kama ulivyoliosha siku ile."

"Nilioshe tena?"

"Mara saba, moja kwa udongo. Nisije nikaambiwa halikuoshwa."

Mzee alikunja mikono ya kanzu. Aliosha taratibu, akihesabu kwa sauti, na Kefa akahesabu naye katika daftari. Udongo ulikuja mara ya kwanza, maji safi sita zilizofuata. Jiwe likatoka linang'aa kama jino.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika. Na wewe?"

"Mimi niliridhika zamani."

Walishuka ufukweni pamoja maji yakijaa, wakateka debe moja, wakagawa mitungini. Mtungi wa kwanza, maji matupu. Wa pili, maji na jiwe bichi la mwambani. Wa tatu, maji na jiwe lililooshwa. Kila mtungi ukatiwa uduvi kumi, wale kamba wadogo waangavu wa vidimbwini, Mzee mwenyewe akiwahesabu maana macho yake kwa vitu vya bahari yalikuwa makali kuliko ya sajini. Midomo ya mitungi ikafunikwa kitambaa na kufungwa uzi, na juu ya fundo Kefa akamwaga lakiri ya kituo, Mzee akaigandamiza kwa pete yake.

"Itakaa wapi?"

"Barazani kwako. Ukilala, lala nayo. Mimi sitaki kuigusa."

"Wewe wafikiri jiwe laua."

"Mimi sifikiri, Mzee. Nangoja."

Jumapili alasiri Kefa alimkuta Mzee Aidarus ameketi mkekani mbele ya mitungi, kofia ameivua, ameiweka gotini. Hakumkaribisha. Alinyoosha kidole tu.

Mtungi wa kwanza, uduvi kumi, wanarukaruka. Wa pili, kumi, wamejificha jiweni. Wa tatu, kumi, wamelala chini, weupe, mmoja bado akitikisa mguu.

Lakiri zote tatu zilikuwa nzima, alama ya pete juu yake.

Kefa alizivunja. Akalitoa jiwe jeupe, akaomba nyundo, akalipasua sakafuni. Nje lilikuwa jino. Ndani, katika vitundu na nyufa, mlikuwa na mishipa ya rangi ya kijani-buluu, kama iliyo kwenye mkono wa mzee.

Mzee Aidarus aliokota nusu moja akaishika kwenye mwanga muda mrefu.

"Mara saba," akasema.

"Mara saba, Mzee. Mimi ni shahidi."

"Basi sheria haikukosea."

"Haikukosea. Mbwa ametoka. Hii ni dawa ya miaka minne, imeingia ndani ya jiwe, inatoka kidogo kidogo. Samaki anaivumilia. Konokono na matumbawe hawaivumilii." Akamsomea maelezo ya Nafula.

Alipofika mahali pa swali moja tu, Mzee akafumba macho.

"Na mrututu wa Kadzo?" akauliza baadaye. "Ule ulikuwa wa nini?"

Pazia la dirisha likatikisika. Kefa akafunga daftari, akachukua kofia yake.

"Hilo silo la polisi," akasema, akashuka ngazi.

Jumatatu kabla ya saa mbili, lori la kuwapeleka mahabusu kortini likiwa tayari linanguruma uani, Mzee Aidarus aliingia kituoni na vipande viwili vya jiwe katika leso. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hakulala. Aliviweka juu ya meza ya inspekta, akasema kwa sauti ya karani anayesoma orodha ya shehena kwamba malalamiko yake yalikuwa ya makosa, na kwamba mwenye kosa ni yeye. Inspekta alisoma karatasi za Kefa, pamoja na ile ya askari aliyethibitisha matanga ya Mtongwe, mara mbili, akaguna, akapiga mstari.

Kadzo alitolewa. Alisimama mlangoni akifunga leso yake upya, bila haraka.

"Nimeambiwa na mwenye mguu," Mzee akamwambia. "Leo jioni atapelekwa hospitali. Amekubali, kwa sharti uende naye wewe. Kadzo, nimekudhulumu. Nisamehe."

"Nitakusamehe," Kadzo akasema. "Si leo. Leo nimechoka, na nimelalia sakafu ya serikali."

"Ni haki yako."

"Na mawe yale meupe, yote nje. Na mchanga. Na ile gundi inayounga vioo pembeni ikwanguliwe ipakwe mpya, kama mawe yamekunywa nayo imekunywa. Na safari hii mimi ndiye nitakayechagua."

Mzee akainamisha kichwa. Kefa alijifanya anatafuta muhuri.

Hospitali hawakukata. Walisema mama yule amewahi, wakamfunga bendeji na kumpa dawa ya kunywa. Siku tisa baadaye, bamvua ikiwa kubwa, Kefa aliwafuata Mzee na Kadzo mwambani, suruali imekunjwa hadi magotini. Walimbebesha debe. Kadzo alikuwa mkali kama mnunuzi wa ng'ombe, akigeuza jiwe, akilinusa, akilikataa. Tangi lilikuwa tupu hadi kioo, samaki wamehamishiwa debeni, gundi mpya, mchanga mpya wa ufukweni. Usiku kucha mitungi ya achari nayo ilifanya kazi yake tena, uduvi kumi kwa kila jiwe jipya kabla halijaingia. Mzee Aidarus hakutaka kusikia njia nyingine.

Kesho yake walitia konokono mmoja tu. Kadzo ndiye aliyemshusha, kwa vidole viwili, mpaka kwenye mchanga. Kisha wanaume wakatoka kwenda barazani, kama ilivyo adabu, wakaketi.

Saa nzima ilipita. Mzee alivua kofia, akaivaa.

"Sajini," sauti ikaita kutoka nyuma ya pazia.

"Naam, Bi Mahfoudha."

"Ametoa pembe."

Kefa akaandika saa katika daftari, kwa mazoea tu, maana faili lilikuwa limefungwa.

"Apanda jiwe," sauti ikasema. "Ngoja. Ngojani. Amesimama." Barazani Mzee akavua kofia tena. "La, yuala. Aidarus, konokono wako yuala mwani."

Ndani Kadzo alisikika akicheka, cheko la kwanza tangu atoke mahabusu. Mzee Aidarus aliinuka, akatafuta makubadhi yake.

"Bamvua ya mwezi ujao utakuwa na zamu?" akamwuliza Kefa.

"Nitabadilisha."

"Basi njoo na debe lako. Yule ahitaji wenzake."